Ubongo wa mtoto mtukutu: kutoka Mathari hadi Kyeni

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, kazi ya mteja ilinibana mpaka nikasahau kwamba nina ukurasa. Leo sitaandika juu ya hifadhidata wala simu mpya. Naandika juu ya ubongo, na sababu ninayo.

Jumapili iliyopita dada yangu alinipigia simu kutoka Runyenjes. Mwanawe yuko gredi ya tatu. Mwalimu kamwita shuleni akamwambia mtoto hatulii: anajibu swali kabla halijaisha, anapoteza penseli tatu kwa wiki, anaanza hesabu vizuri kisha anaziacha katikati kumfuata kipepeo dirishani. Ushauri aliopewa ni kumpeleka shule ya bweni "akanyooshwe".

"Kaka, wewe ni mtu wa mashine," akaniambia. "Hebu niambie, kichwa cha huyu mtoto kina nini?"

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Mtoto huyo nilikuwa mimi. Nilisoma Meru miaka ambayo fimbo ilikuwa sehemu ya vifaa vya mwalimu, sawa na chaki. Hakuna aliyeuliza kichwa changu kina nini. Walichotaka kujua ni viboko vingapi vingetosha. Leo naandika programu na nalipwa kwa kazi hiyo, lakini hata sasa nikiwa na madirisha kumi na mawili yaliyofunguliwa kwenye kompyuta, ujue kazi niliyopaswa kufanya iko kwenye la kumi na tatu.

Nikamwomba dada anipe wiki moja nisome. Nilichokikuta kilinishangaza. Swali lake kuhusu ubongo, umakini na kujizuia limewahi kuulizwa kuhusu watu wa upande wetu wa Mlima Kenya, na zaidi ya mara moja. Mara ya kwanza liliulizwa ili kutukandamiza. Mara ya pili liliulizwa kwa nia njema, na waliouliza walikuja na mizani, daftari na sufuria za githeri.

Mara ya kwanza: Mathari

Tuanze Nairobi. Mwaka 1934 F. W. Vint, mtaalamu wa maabara ya serikali ya kikoloni, alichapisha makala juu ya ubongo wa Mwafrika wa Kenya. Alikuwa amepima bongo za maiti, akapima na unene wa gamba la juu, akalinganisha na vipimo vya Wazungu, akasema letu ni jembamba zaidi. Kipimo hicho cha unene wa gamba kikumbuke, tutakirudia.

Miaka minne baadaye, mwaka 1938, hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari ilikabidhiwa kwa daktari John Colin Carothers. Wakati huo hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Alikaa pale hadi mwaka 1950, na mwaka uliofuata akachapisha makala juu ya kazi ya sehemu ya mbele ya ubongo kwa Mwafrika. Sehemu hiyo, iliyo nyuma ya paji la uso, ndiyo inayotusaidia kupanga, kusubiri zamu na kujizuia. Siku hizo madaktari wa Ulaya na Marekani walikuwa wakiikata mishipa yake kwa upasuaji ili kuwatuliza wagonjwa. Carothers akafananisha tabia za Mzungu aliyefanyiwa upasuaji huo na tabia alizodhani ni za Mwafrika mzima wa afya, akaona zinalingana. Hitimisho lake: Mwafrika haitumii ipasavyo sehemu ya mbele ya ubongo wake. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika.

Sisi wa programu tunalijua kosa hili. Umeona mifumo miwili ikitoa matokeo yanayofanana, ukaamua kwamba msimbo wa ndani ni mmoja. Hujausoma msimbo. Hujajaribu kubadilisha ingizo. Hujajiuliza kama yule unayemtazama anakuficha mambo kwa sababu wewe ndiwe mwenye ufunguo wa mlango.

Kosa hili halikubaki kwenye karatasi. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Mwaka 1954 serikali ilimtaka Carothers aeleze saikolojia ya Mau Mau, na maelezo yake yakachapishwa na mpiga chapa wa serikali. Mwaka huohuo zaidi ya watu milioni moja wa Kikuyu, Embu na Meru walianza kuhamishwa kwa nguvu na kuingizwa katika vijiji vyenye ulinzi, na Carothers aliunga mkono mpango huo. Bibi zetu wengi wanaitaja "miaka ya kijiji" bila kujua kwamba kulikuwa na daktari mwenye nadharia ya ubongo nyuma yake.

Sasa linganisha nadharia hiyo na msitu. Field Marshal Musa Mwariama, mwana wa Meru, alikaa msituni hadi uhuru ulipokuja mwaka 1963, bila kukamatwa. Mtu asiyeweza kujizuia hawezi kuishi miaka hiyo yote bila kuwasha moto pasipofaa au kukohoa saa isiyofaa. Frantz Fanon, aliyekuwa daktari wa akili Algeria, alimjibu Carothers katika kitabu chake cha mwaka 1961. Lakini jibu la msituni lilikuwa limetangulia.

Naeleza haya kwa sababu moja. Mzazi wa Meru au Embu akisikia mtu anasema "sehemu ya mbele ya ubongo wa mwanao ina tatizo la kujizuia", ana haki ya kushtuka. Maneno hayo yana historia hapa kwetu, na anayetaka kuyatumia leo lazima aonyeshe kipimo.

Mara ya pili: Kyeni

Mwaka 1984 mvua za masika zilikosekana. Wakubwa wetu wanaukumbuka mwaka ule kwa mahindi ya manjano ya msaada. Ilitokea kwamba wakati huo kundi la watafiti lilikuwa tayari Kyeni, Embu, likifuatilia lishe na makuzi ya watoto: Profesa Nimrod Bwibo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Charlotte Neumann wa Chuo Kikuu cha California kule Los Angeles, Marian Sigman na wenzao. Walikuwa wakipima chakula cha kila nyumba, uzito wa watoto, na jambo ambalo wachache walikuwa wamelipima vijijini Afrika: jinsi mtoto anavyotulia darasani na anavyocheza uwanjani.

Njaa ikawakuta wakiwa na vipimo vya kabla. Nani kati yetu asingependa kumbukumbu kama hizo? Mfumo umeanguka, na wewe unazo kumbukumbu za siku ulipokuwa ukifanya kazi sawasawa.

Matokeo waliyoyachapisha mwaka 1994 yanasema hivi. Wakati wa upungufu, watoto wa shule walikula kidogo zaidi, na umakini wao darasani ukashuka, hata uchezaji wao uwanjani ukapungua. Wale wadogo kabisa waliathirika kidogo kuliko kaka na dada zao, maana familia ziliwakinga. Soma tena hapo. Mama wa Embu, katikati ya ukame, alikuwa na mpango wa kugawa, na waliolipa gharama walikuwa yeye mwenyewe na wale wenye umri wa kwenda shule.

Jiulize sasa mwalimu wa mwaka 1984 aliona nini. Aliona mtoto anayekodolea ukuta macho, ambaye hasikii akiitwa. Bila shaka wako waliochapwa kwa uzembe ilhali tatizo lilikuwa tumbo.

Watafiti walirudi. Kuanzia mwaka 1998 hadi 2000, katika shule 12 za Kyeni Kusini, watoto zaidi ya 500 wa darasa la kwanza waliingizwa kwenye jaribio. Shule ziligawanywa mafungu manne kwa bahati nasibu. Fungu la kwanza lilipewa githeri yenye nyama ya kusagwa. La pili lilipewa githeri na maziwa. La tatu lilipewa githeri iliyoongezwa mafuta, ili nguvu ya chakula ilingane na ile ya wenzao. La nne halikupewa chakula shuleni, lakini familia zake zilipewa mbuzi wa maziwa.

Watoto wa githeri ya nyama walipiga hatua kubwa kuliko wengine wote katika mtihani wa kutambua mpangilio wa picha, ule wa Raven, unaohitaji kutazama kwa makini na kushikilia mambo mawili matatu kichwani bila kurukia jibu. Uwanjani walichangamka zaidi, wakaonyesha uongozi na kuanzisha michezo wenyewe. Maziwa hayakuleta nafuu hiyo kwenye mtihani wa Raven, jambo lililowashangaza wengi, ingawa nyama na maziwa vyote viliinua vitamini B12, ambayo wengi wa watoto wale walikuwa na upungufu wake.

Angalia jambo moja: mtoto aliyelishwa vizuri hakutulia tuli kama maji ya mtungi. Alikimbia zaidi. Kama kipimo chako cha "mtoto mwema" ni kukaa kimya, mtoto wa mwaka 1984 mwenye njaa angekushinda kwa adabu.

Utafiti wa Kyeni haukuwa juu ya ADHD. Hakuna aliyesema njaa huleta ADHD wala nyama huiponya. Mtoto wa dada yangu anakula vizuri, huenda kuliko mimi. Ninachokichukua kutoka Kyeni ni njia: pima kwanza, linganisha na wenzake, badilisha kitu kimoja kwa wakati, kisha ndipo useme.

Majani ya Nyambene

Kabla sijafika kwenye ubongo wenyewe, tupite Maua. Huwezi kuandika juu ya umakini Meru ukaruka miraa.

Wazee wa Nyambene walijua tangu zamani kwamba jani hili huondoa usingizi na kumfanya mtu akae kwenye jambo moja usiku kucha, liwe kesi, ulinzi au mazungumzo ya posa. Walijua pia kwamba lazima litafunwe likiwa bichi. Ndiyo maana linafungwa kwa majani ya mgomba, na ndiyo maana magari ya miraa yalipata sifa ile mbaya kwenye barabara ya Nairobi, yakikimbilia ndege.

Sababu ya haraka hiyo ilijulikana mwaka 1975, maabara ya Umoja wa Mataifa ilipoitambua kathinoni, kemikali ya jani bichi. Jani likikaa siku mbili tatu, kathinoni hugeuka kuwa kathini iliyo dhaifu zaidi. Na kathinoni, ukiitazama muundo wake, ni ndugu wa karibu sana wa amfetamini, tofauti ikiwa atomu moja ya oksijeni mahali pa haidrojeni mbili. Zote mbili husukuma dopamini itoke kwenye seli za ubongo.

Sasa sikiliza. Mwaka 1937 daktari Charles Bradley, katika hospitali ya watoto huko Rhode Island, Marekani, aliwapa amfetamini watoto 30 waliokuwa na matatizo ya tabia. Karibu nusu yao walibadilika sana katika masomo ndani ya siku chache, na wengi wakatulia. Mwaka 1944 mwanakemia Leandro Panizzon wa Uswisi alitengeneza methilfenideti, ambayo baadaye iliuzwa kwa jina la Ritalin, kutoka jina la mkewe, Rita. Dawa hizo mbili ndizo zinazotumika zaidi hadi leo kwa ADHD. Kwa hiyo mlango wa kemikali ambao madaktari wa Marekani waliugonga mwaka 1937, wazee wa Igembe walikuwa wameshaufungua kwa meno.

Usije ukanielewa vibaya: miraa si dawa ya mtoto. Hakuna anayejua kipimo kilicho kwenye kitita kimoja, inakula usingizi na hamu ya chakula, na mtoto anayekosa usingizi hukosa umakini hata kama hana ugonjwa wowote. Na kuna funzo jingine. Mwaka 1978 Judith Rapoport na wenzake waliwapa amfetamini wavulana wasio na tatizo lolote, nao pia wakatulia na kuwa makini zaidi. Kwa hiyo mtoto kutulia baada ya dawa si ushahidi kwamba alikuwa na ADHD. Dereva wa matatu anayekesha kwa miraa analijua hilo bila kusoma makala.

Kichwani mna nini basi?

Kuna jaribio moja linalonipendeza kwa sababu linafanana na kazi yetu. Mtoto anaketi mbele ya skrini. Akiona herufi abonyeze kitufe upesi. Mara mojamoja sauti inalia, na hapo asibonyeze. Mwaka 1984 (ndiyo, mwaka uleule wa njaa) Gordon Logan na William Cowan walieleza kinachotokea kama mbio za farasi wawili: amri ya "bonyeza" na amri ya "acha". Inayofika kwanza ndiyo inayoshinda.

Mwanaprogramu yeyote aliyewahi kukesha akitafuta hitilafu inayotokea siku moja na kukosekana siku nyingine anaujua mchezo huu. Kazi mbili zinashindania rasilimali moja, na mshindi hutegemea sehemu ya sekunde. Kwa watoto wenye ADHD, kwa wastani, farasi wa "acha" huchelewa. Mtoto anaijua kanuni. Muulize, atakuambia vizuri kabisa kwamba hatakiwi kujibu kabla ya swali kuisha. Tatizo ni kwamba amri ya kuacha imefika mdomo ukiwa umeshafunguka. Fimbo humfundisha kanuni ambayo tayari anaijua.

Farasi huyo wa pili anatoka sehemu ya mbele ya ubongo, hasa upande wa kulia, akipitia kwenye viini vya katikati ambako dopamini hufanya kazi. Upo pia mtandao mwingine, ule unaowaka tunapokuwa hatuna kazi, tukiota mchana. Kwa kawaida hupungua nguvu kazi inapoanza. Mwaka 2007 Edmund Sonuga-Barke na Xavier Castellanos walipendekeza kwamba kwa wenye ADHD mtandao huo hauzimi vizuri, huingilia kazi iliyo mbele. Ni programu ya nyuma ambayo haifungi.

Mwaka huohuo wa 2007 Philip Shaw na wenzake, Marekani, walichapisha kazi inayotuhusu kwa namna ya pekee. Walipima unene wa gamba la ubongo. Kipimo cha Vint kimerudi, lakini safari hii kwa watoto walio hai, 223 wenye ADHD na 223 wasio nayo, wengi wao wakipimwa tena na tena kwa miaka. Waliona kwamba gamba hupita hatua zilezile kwa watoto wote, ila kwa wenye ADHD hupita kwa kuchelewa. Nusu ya sehemu zilizopimwa zilifikia unene wa juu kabisa karibu na miaka 7 na nusu kwa watoto wa kawaida, na karibu na miaka 10 na nusu kwa wenye ADHD. Ucheleweshaji mkubwa ulikuwa sehemu ya mbele. Mtoto aliyebaki nyuma kwenye njia ileile ni tofauti kabisa na mtoto aliyeharibika.

Tusitie chumvi lakini. Hizo ni wastani. Mwaka 2017 watafiti wa nchi nyingi waliunganisha picha za ubongo za watu 1,713 wenye ADHD na 1,529 wasio nayo, wakaona tofauti ni za kweli lakini ni ndogo. Hakuna picha ya ubongo inayoweza kumwonyesha mtoto mmoja ikasema huyu anayo, yule hana. Utambuzi bado ni kazi ya mtu aliyefunzwa kusikiliza mzazi na mwalimu, kuangalia kama tatizo liko nyumbani na shuleni pia, na kuondoa kwanza mengine: macho, masikio, usingizi, kifafa, njaa, huzuni. Wakadiriaji wengi wanasema kati ya watoto 100 duniani, kama watano wanayo, na mara nyingi inatembea kwenye ukoo. Hapo ndipo nilipojikuna kichwa na kumkumbuka marehemu baba, mtu aliyekuwa akienda kununua misumari na kurudi na mbuzi.

Nilichomwambia dada

Nilimpigia jana jioni. Nikamwambia hivi.

Usimpeleke bweni ili akanyooshwe. Viboko shuleni vilifutwa mwaka 2001, na Katiba ya 2010 inamlinda dhidi ya adhabu ya kikatili popote alipo. Lakini hata kama vingeruhusiwa, haviharakishi farasi wa pili.

Mpeleke kwenye kituo cha EARC, vile vituo vya kupima mahitaji ya watoto kielimu vilivyoanza nchini mwaka 1984, kisha hospitali ya rufaa, Embu. Utasubiri, maana madaktari wa akili za watoto ni wachache. Dawa pia zina gharama, na si kila mtu anakubaliana nazo: maombi ya kuiingiza methilfenideti kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani yalikataliwa mwaka 2019 na mwaka 2021. Hayo utayajadili na daktari. Si kazi ya mwandishi wa programu.

Wakati unasubiri, mwombe mwalimu mambo matatu: akae mbele, mbali na dirisha, apewe maagizo moja moja badala ya matano kwa mkupuo, na atumwe kuleta chaki au kufuta ubao kila akianza kuchemka. Mimi mwenyewe hufanya hivyo kwa kazi zangu, naikata kazi kubwa vipande vidogo, na ndiyo njia pekee ninayomaliza chochote.

Dada akanyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Kwa hiyo si kwamba mimi sikumlea vizuri?"

Hilo ndilo lililokuwa swali lake tangu Jumapili, na mimi nilikuwa nimesoma wiki nzima nikijibu lingine. Nikamwambia hapana. Nikamwambia kuhusu mama wa Kyeni mwaka 1984, waliopunguza cha kwao ili mdogo ashibe, na bado mwalimu akawaona watoto wao ni wazembe. Kumtazama mtoto bila kumpima ni rahisi. Carothers alifanya hivyo kwa nchi nzima.

Mpwa wangu alikuwa karibu, akamnyang'anya mama yake simu. Akanieleza, bila kupumua, jinsi kipepeo anavyokunja ulimi wake kama saa ya waya. Alikuwa ametazama vizuri sana.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa. Nitarudi kwenye hifadhidata, nikikumbuka.